Wageni Wasioitikia Salamu

Alhamisi, Mazwi

Kumbe si watu! Msimu mzima tunajisifia wageni ambao si watu.

Fundi wa kompyuta kanionyesha leo. Hao maelfu wanaofungua tovuti ya maharage ya kikundi chetu ni roboti, programu zinazozurura mtandaoni na kumwaga matangazo ya uongo. Na mimi katibu ndiye niliyesoma takwimu hizo mkutanoni Kasense, watu wakapiga vigelegele! Mwenyekiti akasimama: "Wateja ndio hao. Mlanguzi asiuziwe hata debe." Sasa maharage yameanza kubunguliwa ghalani.

Nikampigia mwenyekiti simu kumweleza. Eti, "Hata kama ni roboti, katibu, mbona wanakuja kila siku? Kuna kitu wanakitaka." Nikamwambia fundi azizuie.

Basi fundi kaweka mlango. Tovuti inakuamkia shikamoo, usipoandika marahaba huingii. Roboti zote zimebaki nje.

Mpaka jioni wameitikia wawili. Mmoja ni mimi, nilikuwa najaribu. Wa pili ni mwenyekiti, na sasa hivi kanipigia, anafoka: nimewapeleka wapi wateja wake?