Mafuta ya Tumbo la Ritha

Jumatatu, 13 Januari 2025

Nimerudi Sepuka nimelowa chapachapa. Daktari bingwa wa kambi ya wageni pale mjini ameligusa kovu langu bila kukunja uso! Tangu mafuta ya maandazi yanimwagikie shingoni, mwaka wa tatu huu, kidevu kimevutwa chini. Juu sitazami. Anasema watanyonya mafuta ya tumboni, wayachuje, wayadunge chini ya kovu. Mna seli shina ndani yake, zile za kuotesha nyama mpya, huenda zikalilainisha. Huenda — hakuapa. Nirudi Machi 12.

Mafuta, kwa tumbo hili langu? Lakini mama alipopasuliwa, si ndugu tulichangia damu? Basi na mafuta yachangiwe.

Alhamisi, 16 Januari

Ritha amekubali hata sijamaliza kusema. Dada yangu huyu ndiye aliyelipiga kumbo lile karai la mafuta. Bahati mbaya, najua. Ila hasira haijui.

Jumapili, 9 Februari

Mtama umebaki debe moja. Samli, karanga, ugali — vyote sahani ya Ritha. Mimi uji. Leo amesukuma sahani, eti ameshiba, eti anaona aibu nikimtazama. Nikamfokea: kula, shingo yangu iko humo! Akala huku analia. Sikumhurumia.

Kanisani Felista wa kwaya kaniuliza pembeni, Ritha ana mimba ya nani. Sketi haifungi tena! Yangu naikaza kwa kamba.

Jumatano, 12 Machi

Benchi la hospitali.

Ritha alipanda kitandani mwenyewe, akafunua tumbo. Daktari akashangaa: mgonjwa si huyu mwingine? Nikamweleza. Akasema taratibu kwamba mafuta ya mtu mwingine mwili wangu utayakataa. Lazima yawe yangu mwenyewe. Akanibana tumbo kwa vidole viwili. Ngozi tupu. Akaniuliza: dada, ulikuwa unakula kweli?

Akafungua faili. Januari kilo hamsini na moja, leo arobaini na nne. Mafuta yangu ya Januari yangetosha, amesema. Yangetosha! Kwa shingo tu hayahitajiki mengi. Kambi yao inafungwa leo. Watarudi lini? Hajui, pengine mwakani.

Nikatoka. Ritha amegoma kushuka kitandani. Namsikia hadi huku: daktari, jaribuni hata kidogo, nimekula yote aliyonipa, sikubakisha.

Nesi ameniita niingie nikamtoe dada yangu. Ameita tena. Sijainuka —