Senge, Nimenunua Kamera ya Digitali

Senge,

Nimenunua kamera ya digitali. Nimeona nikuambie hilo hata kabla ya salamu, maana najua ungeuliza ni nani amenidanganya. Unamkumbuka yule bwana arusi aliyekuja studio na yake shingoni, akakuonyesha kioo cha nyuma? Uliitazama, ukamrudishia kwa mikono miwili kama unarudisha mtoto wa wenyewe, ukasema, "Hiyo si kamera, baba. Hiyo ni tivii ndogo." Tulicheka mpaka jioni. Sasa tivii ndogo iko hapa mezani karibu na karatasi hii, na nina mambo ya kukusimulia ambayo siwezi kumwambia mtu mwingine akaelewa.

Tangu tukuzike niliendelea na kamera yako. Wewe ulikuwa senge wangu, dada wa baba, lakini ndani ya studio hii ndimo ulimogeuka mama yangu wa pili, na sikuona ningeshika kamera gani nyingine. Lakini mambo yalibana. Yule Mganda aliyekuwa akituvushia filamu kutoka Kampala aliacha. Alisema hata yeye hazipati tena. Wale wa Kisumu waliotuoshea picha za rangi walifunga, na pale sasa panauzwa viatu. Dawa za chumba cha giza ziliisha, karatasi zikaingia ukungu. Busia yote ina simu mfukoni, na picha za pasipoti watu wanapigwa saiba, kwenye vile vibanda vya kompyuta. Zilipita wiki ambazo nilifungua mlango, nikafagia, nikafunga. Nilishaanza kufikiria kuuza mitumba humu ndani.

Kamera niliipata Malaba. Kuna mama wa Tororo anaitwa Namusoke, huleta vitu vilivyotumika. Alinipigia simu: "Nnyabo, wameniachia kamera kubwa ya kupiga harusi. Njoo uione kabla sijaipeleka Nairobi." Nikaenda. Malaba ni ile ile, Senge. Malori yamepanga foleni huoni mwisho wake, madereva wamelala kwenye mikeka chini ya trela wakingoja kuitwa. Namusoke alinikabidhi kamera chini ya mwavuli wake. Uzito wake niliujua. Ndani ina kioo kile kile kinachoruka ukibonyeza, na mlio wake ni ule ule. Nikaweka jicho.

Mbele yangu mama mmoja alikuwa anachemsha mahindi, ameketi kwenye kistuli, mvuke umempanda usoni na tairi la lori nyuma yake limemzidi urefu. Nilingoja jinsi ulivyonifundisha. "Usibonyeze, Nabwire. Ngoja mtu arudi usoni mwake." Aliporudi, nikabonyeza. Halafu kidole gumba changu kikaenda chenyewe kutafuta kile kishikio cha kusogeza filamu. Hakikuwepo. Kilipapasa, kikakuta plastiki laini tu.

"Nionyeshe," akasema mama wa mahindi.

Kwa mazoea nikamwambia aje studio kwangu Busia baada ya wiki. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa malaria.

"Dada, si iko hapo nyuma."

Nikaigeuza kamera. Alikuwa hapo. Senge, sijui nikuambieje. Alikuwa hapo na kitambaa chake na jasho lake, na ule mvuke uliokuwa ndani ya picha ulikuwa bado haujaisha hewani. Niliinua macho nikauona ukipotelea juu ya sufuria. Maisha yetu yote, mimi na wewe, picha imekuwa kitu cha siku iliyokwisha. Hii ilikuwa ya pumzi ile ile. Namusoke akaweka viganja vyake chini ya kamera, akidhani nitaiangusha.

Nikarudi nayo nyumbani. Lakini kuna kitu kilinikaa rohoni. Nilikumbuka siku ya kwanza uliponiingiza chumba cha giza, nimetoka shule juzi, ukanifungia mlango, ile taa nyekundu, harufu ya dawa inachoma pua. Ulitia karatasi nyeupe kwenye beseni ukaanza kuitikisa polepole. Kukaja kivuli. Kivuli kikawa nywele, kikawa macho. Na wewe, ambaye mchana hukuwa na maneno mengi, ukainama ukauambia ule uso, "Umefika?" Ulikuwa unawasalimia wote hivyo, mmoja mmoja, watu wasiokusikia. Mimi niliona muujiza, nikaamua hapo hapo kwamba sitafanya kazi nyingine. Sasa kwa hii kamera mpya mtu anatokea mara moja, hakuna safari, hakuna wa kumwambia umefika. Nilipiga picha wiki nzima, nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na bado nikajiuliza kama nimekupoteza mara ya pili.

Ndipo akaja Okumu.

Alisimama mlangoni, mtu mzima, suruali imekunjwa na matope yamemkaukia miguuni. Ametoka Budalang'i. Akauliza, "Hapa ndipo palikuwa kwa Mama Picha?" Jina lako la mjini, Senge. Nikamkaribisha kwenye kile kiti cha wateja. Mto Nzoia ulikuwa umepasua kingo tena, na maji yaliingia kwake yakabeba sanduku la bati. Mahindi hakuyataja. Kuku hakuwataja. Alilolilia ni picha ya mama yake, iliyokuwa ndani ya sanduku hilo. Mama alikufa yeye akiwa mdogo hata hajajua kusema vizuri. Uso wake aliujua kwa picha hiyo tu, uliyoipiga wewe. Na binti wa kwanza wa Okumu, aliyepewa jina la huyo nyanya yake, anaolewa mwaka huu.

"Nilitaka amwone aliyeitiwa," akasema. "Sasa hata mimi naanza kumsahau. Nikifumba macho naona fremu, sioni mtu."

Nilimwambia wewe hukutupa hata negativu moja, zile filamu zilizooshwa. Zote zimo kwenye makopo ya biskuti chini ya kaunta. Lakini hukuandika majina, Senge, ulitegemea kichwa chako. Na hata tukiipata, dawa sina, karatasi sina. Nilisema hivyo nikiwa nimeshika kamera mpya mkononi, naifuta kwa kitambaa, bila kuwaza. Halafu nikaitazama. Mbona isiipige picha ile negativu yenyewe?

Tulianza kutafuta. Tuliinua kila mkanda dirishani. Unajua negativu ilivyo, mtu mweusi anatokea mweupe kama mzimu, meno meusi, macho yamegeuka. Okumu hangeweza kumtambua mama yake humo hata angemwona mara mia. Nikamuuliza kama kuna alama anayoikumbuka.

"Amenipakata. Mguu wangu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Baba alituambia kilianguka njiani, tulikuja kwa baiskeli."

Basi tukaacha kutafuta nyuso, tukatafuta mguu. Alikuja, akaenda, akarudi tena. Watu wengi mno walipita mikononi mwetu: maharusi, askari, wanakwaya, wavuvi wa Sio Port waliosimama wima kana kwamba wamekamatwa. Na alasiri moja, Okumu akiwa ameenda kununua maji, niliuona. Mguu mdogo, vidole vitano wazi.

Nilingoja arudi. Niliweka taa chini ya kioo cheupe, nikaulaza mkanda juu, nikafunga lenzi ya kupigia vitu vidogo. Nikapiga. Tukaipeleka kwa Ekisa, jirani yangu mwenye saiba, akaitia kwenye kompyuta yake akasema, "Hapa unabonyeza tu, dada, inajigeuza." Nikabonyeza mimi mwenyewe.

Cheusi kikawa cheupe. Akatokea mwanamke kijana, gauni la maua makubwa, mtoto mapajani, pazia lako la maporomoko ya maji nyuma yake. Nilisikia mdomo wangu ukisema, "Umefika?" Sikuwa nimepanga.

Okumu alisogeza kiti mpaka pua yake ikakaribia kuigusa skrini. Nikaikuza picha. Ile aliyokuwa nayo ilikuwa ndogo, uso ukubwa wa kucha. Sasa uso ulijaa skrini nzima, na tukaona vitu ambavyo hata yeye hakuwahi kuviona: kovu dogo kwenye nyusi, na kwamba mama hatazami kamera. Anatazama pembeni, anajizuia kucheka. Mtoto naye anatazama huko huko, kinywa wazi.

"Wanaangalia nini?" akauliza.

Ulipochapisha picha ile, ulikata kingo, kama tulivyokata zote. Lakini kamera ilikuwa imechukua negativu nzima. Nikasogeza picha polepole kuelekea kushoto, kupita mwisho wa pazia, mahali ambapo hakuna mteja aliyewahi kupaona. Alikuwepo mwanamume. Amechuchumaa, amevimbisha mashavu, ametoa macho, na mkono mmoja umeinuliwa juu unapunga kitu ili mtoto atazame.

Kiatu kidogo.

Okumu akasema taratibu, "Huyo ni baba. Huyo mtu sikuwahi kumwona akicheka. Alikataa kupigwa picha maisha yake yote. Hata jenezani tuliweka ile ya kitambulisho." Aligusa skrini pale penye mkono. "Alituambia kilianguka njiani. Kumbe alikuwa nacho yeye."

Alicheka, Senge. Alicheka akiwa na machozi mpaka Ekisa akatoka nje kutupisha. Mimi nilisimama nyuma ya kiti nimejishika kifua. Ulikuwa ndani ya studio siku ile. Ulimwona huyo baba akijifanya kichekesho, ulingoja mtoto na mama warudi nyusoni mwao, ukabonyeza, na yeye ukamwacha pembeni akangoja gizani kwenye kopo la biskuti. Hukunisimulia kamwe. Labda ulisahau. Labda walikuwa wengi mno waliochuchumaa hivyo.

Nimechapisha mbili, moja ya mama na mtoto, nyingine nzima bila kukata. Okumu alizifunga kwa nailoni, akazitia kifuani ndani ya shati. Harusi imepita. Alinitumia habari kwamba waliitundika ile nzima, na kwamba msichana wake ana nyusi za huyo nyanya, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelijua.

Nyumbani tuko salama. Baba magoti yanamsumbua lakini bado anakwenda shambani. Kaburi lako tulilipalilia baada ya mvua. Barabara ya kwenda mpakani imepanuliwa. Ile kioski ya chai uliyoipenda haipo tena, mwenyewe yuko hai, anakusalimu hata akijua hupo.

Sasa kila siku nikimaliza wateja natoa kopo moja. Wanatokea mmoja baada ya mwingine na mimi nawasalimia kwa maneno yako. Wengine walishakufa. Wengine nawaona sokoni wakiwa wazee na najua walivyokuwa wazuri, wao wenyewe hawajui kwamba najua. Jumapili naenda Port Victoria. Mchungaji wa kule amekubali nitandaze picha kwenye mabenchi baada ya ibada, watu wa ziwani na wale waliofurikiwa wapite, watafute wao.

Sikujua nilikuwa nimekaa juu ya watu wangapi, Senge. Wewe ulijua, nadhani. Kwa hiyo nakuahidi: kila uso uliouosha kwa mikono yako nitautafutia wenyewe. Na wale ambao hawatapata wa kuwatambua nitawatundika hapa ukutani, studio ikiwa wazi, mpaka siku mtu aingie kutoka barabarani asimame mbele ya mmoja wao na kusema, "Huyu ni wetu."

Pumzika, Senge.

Binti wa ndugu yako,
Nabwire