Shokapu za Gari na Mgongo wa Tata

Jumanne, 4 Machi
Kliniki tena. Kila Jumanne namtoa Tata, baba yangu, kijijini Nyamwaga, nampeleka hospitali Tarime mjini, namrudisha. Ana ufa kwenye pingili ya mgongo tangu fahali amrushe mwaka jana. Daktari alishasema asitikiswe. Na shokapu za gari zimekwisha, zinavuja mafuta. Likiingia shimoni linadunda mara tatu.

Sina gari lingine. Hilihili la kazi, la Tata, la mashindano. Tarehe 16 tunashindana Mugumu, kwenye kiwanja cha vumbi. Mara iliyopita nilikuwa wa mwisho, kila kona gari lilikuwa linalala upande. Walinicheka: afisa mifugo, rudi kwa ng'ombe wako. Sijasahau.

Jumatano, 5 Machi
Fundi Marwa ana seti mbili za shokapu za kurekebishika. Ya kwanza unarekebisha kimo tu, inapanda na kushuka. Ugumu wake ni uleule, na ni mgumu kwelikweli. Ya pili inapanda, inashuka, na juu ina kirungu: ukizungusha huku inalegea, kule inakaza. Kila hatua inalia "ka".

Ningekuwa peke yangu, ya kwanza. Ni nyepesi, na bingwa wa Mugumu anatumia hiyohiyo. Marwa amekubali niijaribu siku chache. Naitaka. Naitaka sana.

Ijumaa, 7 Machi
Imefungwa. Lo! Kona ya kwenda Matongo gari limeng'ang'ania barabara kama kupe. Nimecheka peke yangu.

Jumapili, 9 Machi
Nimempeleka Tata kanisani. Nikamuuliza kama gari linamuumiza. "Halina shida." Tukirudi nikauliza tena. "Nimesema halina shida, Bhoke."

Basi. Nimempigia Marwa, nachukua ya kwanza. Nina furaha mno.

Jumanne, 11 Machi
Muuguzi ameniita pembeni. "Baba yako kila akifika hapa shati limelowa jasho, na leo imezidi. Halafu ameomba kliniki iwe mara moja kwa mwezi." Nikajitetea kwamba nilimuuliza. Nilijisikia mjinga hata nikiwa bado nasema.

Nyumbani nimemweleza kaka yangu, Mwita. Kacheka mpaka akakaa chini. "Umemuuliza mzee wa Kikurya kama anaumia? Ulitaka akujibu nini?"

Sikucheka. Hapa mwanaume anafundishwa tangu ujana asikunje uso kwa maumivu, na wazee hawajawahi kuliacha somo hilo. Najua. Nimezaliwa humu. Nilimuuliza kwa sababu nilijua atakachojibu. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumatano, 12 Machi
Nimechanja ng'ombe kijijini Genkuru kutwa nzima. Ng'ombe hasemi, lakini yupi anaumia namjua: pumzi, masikio, anavyokanyaga. Baba yangu mzazi nimemhoji kama karani wa sensa. Aibu tupu.

Ijumaa, 14 Machi
Seti ya kwanza imetoka, ya pili imeingia. Gari tumelinyanyua kidogo. Tata kiti cha mbele, Marwa nyuma. Njia ileile ya mashimo, mara sita.

Sikumuuliza kitu. Nilitazama mkono wake kwenye mpini wa mlango, nikasikiliza anavyopumua. Kila shimo aliubana mpini na pumzi ikakatika. Tunasimama, Marwa anashuka, ka, ka, ka, analegeza mbele, analegeza nyuma, tunarudia. Mara ya nne Tata akafoka: "Mnanipima kama ndama?" Marwa akajificha nyuma ya boneti. Mara ya sita vidole vikaachia mpini.

Hatua ishirini kutoka kwenye ugumu wa mwisho. Nimeandika kwenye kiganja. Seti hii ni nzito, Mugumu itanichelewesha. Potelea mbali.

Jumapili, 16 Machi
Mugumu. Nimekaza shokapu zote. Nimekuwa wa nne kati ya tisa. Bingwa kanipita kama nimeegesha. Imeniuma, nisijidanganye.

Kabla ya kutoka kiwanjani nimelegeza hatua ishirini kila gurudumu, nikahesabu mara mbili. Wenzangu wananiita kwenye soda, mimi nimeinamia gari.

Jumanne, 18 Machi
Tumetoka saa moja asubuhi. Mvua ilinyesha, mashimo yamejaa maji, kina hakionekani. Nimeendesha polepole. Redio nimezima.

Nusu ya njia nikatupa jicho. Mkono uko pajani. Kofia imemshukia usoni. Tata amelala, mdomo wazi, anakoroma kidogo. Tangu aumie hajawahi hata kusinzia ndani ya gari hili.

Tukafika hospitali, yeye bado anakoroma. Foleni ilikuwa imeshaanza. Sikuingia getini. Nimepitiliza mpaka mwisho wa mji, nikageuza taratibu, nikapita tena.