Nyumba Ng'ambo ya Reli

Shauri Moyo, Nairobi
11 Februari 1968

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama na wote waliomo bomani. Mimi ni mzima, ila mafua ya huku hayataki kuniacha. Je, mguu wako umepoa? Na ng'ombe yule mwekundu, amezaa?

Baba, nina jambo. Mwaka wa tatu huu tangu nimuoe Nanyama, na tumekaa pamoja siku za likizo tu. Yeye yuko huko akimsaidia Mama, mimi niko hapa chumba kimoja na Odhiambo, mwenzangu wa ofisini, ambaye anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta. Nimechoka. Nataka mke wangu aje tukae kama watu waliooana.

Nimeona mahali pawili. Kangemi kuna chumba kimoja karibu na soko. Nanyama ameniandikia kwamba anakitaka hicho hicho. Anasema, "Kitanda kikiingia, na jiko likiingia, tumemaliza." Mahali pa pili ni Kabiria, nyumba ya vyumba vitatu ya mkulima mmoja aitwaye mzee Jamleck, ng'ambo tu ya reli ukitoka stesheni ya Dagoretti. Treni ya asubuhi ingenifikisha mjini bila taabu. Mshahara wangu unatosha kodi ya popote kati ya hapo pawili. Moyo wangu uko Kangemi, lakini wewe umefanya kazi ya reli tangu ujana, nami siwezi kuamua bila kukuuliza.

Ni mimi mwanao,
Were

*

Bungoma
2 Machi 1968

Kwa mwanangu Were,

Sisi tu wazima, tunakushukuru kwa kutukumbuka. Mguu bado unalalamika mvua ikikaribia. Ng'ombe amezaa ndume.

Chumba kimoja! Were, wewe ni mtoto wa mtu. Chumba kimoja ni cha mlinzi wa geti. Mgeni akija ataketi wapi, kitandani pako? Chukua nyumba ya stesheni, wala usizunguke zunguke. Basi la Kangemi litaharibikia njiani, lakini reli naijua, niliitandika kwa mikono hii. Halafu fikiri: gari la moshi linalotoka kwetu husimama hapo Dagoretti kabla ya kuingia mjini. Watu wetu wanaiogopa Nairobi. Wakifika stesheni kubwa wanaibiwa hata kofia kichwani. Wakishuka kwako, wameshuka nyumbani.

Nanyama atakuja akimaliza kupalilia. Nitamsindikiza mwenyewe. Ameambiwa kuhusu nyumba, akasema, "Baba ameamua vizuri," akarudi jikoni.

Baba yako,
Zedekiah

*

Kabiria
19 Mei 1968

Baba mpendwa,

Amani iwe kwenu. Sisi hapa, na nafurahi kuandika "sisi", hatujambo kabisa.

Nyumba ni nzuri. Asubuhi Nanyama hunisindikiza hadi kwenye reli, na jioni nikishuka namwona amesimama kando ya ua, anajifanya anaanika nguo. Nguo gani zinaanikwa jua likizama? Mkewe mzee Jamleck amempa miche ya sukuma wiki na sasa nyuma ya nyumba kumekuwa shamba. Nanyama anaimba akipika. Sikujua kama anajua kuimba. Nina furaha mpaka naona haya.

Juzi Gerishon, yule mtoto wa mjomba, alishuka na sanduku lake akasema anatafuta kazi. Hukutuandikia kwamba anakuja. Hata hivyo tumemkaribisha, chumba cha kando kipo.

Mwanao,
Were

*

Bungoma
8 Septemba 1968

Kwa mwanangu,

Tunakusalimu kwa furaha, mimi, mamako, na kanisa zima.

Nasema kanisa zima kwa sababu Jumapili nilisimama wakati wa matangazo nikawaeleza watu nyumba yako. "Mkishuka Dagoretti, vukeni reli, nyumba yenye mlango wa kijani, ni kwa Were wetu." Walipiga makofi. Mzee Mukhwana alinishika mkono akasema mimi nimezaa. Sijawahi kuona siku kama hiyo tangu nistaafu.

Shangazi yako Peres anakuja kutibiwa macho. Ni dada yangu, ni kama mimi mwenyewe, usimlaze penye baridi. Nyuma yake watakuja vijana wawili wa kwaya, wana mpango wa kujifunza udereva.

Baba yako

*

Kabiria
26 Januari 1969

Baba mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Afya zetu ni nzuri. Macho ya shangazi yanaendelea, ingawa daktari amemwambia arudi tena, na tena.

Naomba nikueleze hali ya nyumba. Shangazi tumempa kitanda chetu chumba cha ndani, na Nanyama analala humo naye ili amsaidie usiku. Chumba cha kando wamo Gerishon na wale vijana wa kwaya. Mimi niko sebuleni na watu wengine waliokuja na kipande cha karatasi chenye ramani ya mlango wangu. Gerishon hajapata kazi. Ni kweli pia kwamba hatafuti.

Jana mzee Jamleck alinisimamisha njiani: "Kijana, mimi nilipatia nyumba bwana na bibi. Sasa naona watu mingi kama shule. Choo imejaa. Wewe unafungua hoteli?" Nilicheka naye, lakini aliponiacha sikuwa nikicheka.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mgeni haulizwi atarudi lini, nami siulizi. Nasema tu nafasi imebana.

Mwanao,
Were

*

Bungoma
3 Machi 1969

Kwa mwanangu Were,

Habari za huku ni mvua. Tu wazima.

Umefanya vyema kumpa dada yangu kitanda. Hiyo ndiyo heshima, na watu huku wanaisifu. Kwa kuwa umesema nafasi imebana, natuma mikeka mitano kwa mkono wa Zipora, mjane wa Mukhisa. Zipora atakaa kidogo.

Sasa nami nina neno, nalo si jepesi. Mama yako haniachi nilale. Nanyama amekwisha kukaa nawe karibu mwaka mzima chini ya paa moja. Tunangoja kusikia. Watu wananiuliza. Je, ameonwa na daktari?

Baba yako

*

Kabiria
17 Agosti 1969

Baba mpendwa,

Nakusalimu. Mikeka ilifika. Zipora pia.

Nanyama hana ugonjwa. Nakuomba uliamini hilo. Baba, kile chumba cha Kangemi bado kipo, ama kingine kama kile. Niruhusu nihamie. Nanyama anapika tangu asubuhi mpaka jioni na haimbi tena. Siku hizi ananingoja stesheni, nami nikishuka hatwendi nyumbani moja kwa moja. Tunaketi kwenye benchi la stesheni tukizungumza mpaka giza linaingia, kwa sababu nyumbani hakuna pembe isiyo na mtu. Karani wa tiketi alimuuliza, "Mama, kwani unangoja treni gani kila siku?" Nanyama akamwambia, "Ile inayoondoa watu."

Nilifikiri hilo litakuchekesha.

Mwanao,
Were

*

Bungoma
9 Novemba 1969

Were,

Tunakusalimu. Mimi si mgonjwa ila moyoni.

Hapana, hutahama. Nitawaambia nini watu, kwamba mwanangu amewakimbia? Na mke anayekaa stesheni kupiga soga huku wageni wako nyumbani ni mke wa namna gani?

Nimevumilia. Krismasi ikifika bila habari njema, nitapeleka ng'ombe kwa kina Philister, binti ya fundi seremala. Amesoma, ana adabu, naye amekubali. Mambo ya kanisa niachie mimi. Nanyama hafukuzwi, hakuna aliyesema afukuzwe. Lakini jina langu haliwezi kuishia kwenye benchi.

Baba yako,
Zedekiah

*

Kabiria
14 Desemba 1969

Baba,

Nakusalimu kwa heshima yote niliyo nayo, maana baada ya barua hii huenda utasema sina.

Mambo haya mwana hamwandikii babake. Ningekuwa na babu aliye hai ningemwambia yeye, angecheka, angekuja kukueleza kwa mafumbo. Sina. Nimejaribu kukueleza kwa kuzunguka, nawe ukaniletea mikeka.

Tangu shangazi aingie nyumba hii, mimi na mke wangu hatujalala kitanda kimoja. Nilikuandikia nani analala wapi. Ulisoma ukanisifu. Mtoto unayemngoja atatoka wapi, Baba? Atashuka kwenye treni? Kila mtu uliyemtuma amelala mahali pa mjukuu wako. Nampenda Nanyama. Simtaki Philister wala mwingine. Nimebanwa pande zote, nikiwafukuza wageni nimekuvunjia jina, nikinyamaza namvunja mke wangu. Juzi aliniambia, "Were, kule kwenu niliishi bila mume. Hapa naishi bila mume huku namwona."

Nisamehe kwa kuyataja haya. Waite watu wako warudi.

Mwanao

*

Bungoma
11 Januari 1970

Were,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi. Uliyoyaandika sitayarudia kwa mdomo wala kwa kalamu.

Nimewaandikia Peres na Zipora warudi. Gerishon nimemtumia neno ambalo hatalisahau. Wote watakuwa wameondoka kabla mwezi huu haujaisha, na kanisani nimesema nyumba imefungwa. Walinitazama sana.

Ungeniambia mapema. Lakini ungeniambiaje, nami ningekusikiaje?

Liko jambo moja siwezi kulirudisha. Sikungoja Krismasi. Ng'ombe walikwisha kwenda kwa kina Philister, watu wakala, wakaimba. Nikaseme nini kwa baba yake, kwamba nilikosea hesabu ya vitanda? Msichana ameaga kwao na sanduku limefungwa. Atakuja kwa gari la moshi la Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mpokee. Nanyama mwambie... sijui umwambie nini. Umwambie mimi mzee nimekosa.

Baba yako

*

Kabiria
8 Machi 1970

Baba na Mama,

Nawasalimu. Hapa hakuna mgonjwa.

Philister alifika salama. Nanyama aliniambia, "Wewe kaa ndani. Mgeni wa Baba nitampokea mimi." Alikwenda stesheni akambebea sanduku mpaka mlangoni, akampa maji ya kuoga, akampikia. Walipomaliza kula alichukua taa akamwambia, "Twende, dada. Sisi tunalala huku." Wakaingia chumba cha ndani, na nikasikia komeo.

Nilidhani ni la usiku mmoja. Asubuhi nilimwambia Nanyama kwamba sikumtaka huyu msichana, kwamba nilikuandikia, kwamba wewe mwenyewe umekiri kosa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Najua. Ulisema. Ulisema baada ya mwaka mzima." Kisha akaenda kumwonyesha Philister mahali pa kuchota maji.

Wanapatana. Wanalima sukuma pamoja, na mara nyingine nawasikia wakicheka, nikiingia wananyamaza. Philister ananiamkia kwa adabu kama ulivyosema. Hana kosa lolote, maskini. Juzi aliniuliza kama mimi nina neno dhidi yake, nami nikachukua kofia nikatoka. Stesheni hakuna anayeningoja tena.

Wageni wote wameondoka, Baba. Gerishon amepata kibarua huko Kitisuru, bustanini kwa Mzungu. Choo kimetapishwa, mzee Jamleck ameridhika. Chumba cha kando kimebaki kitupu, nami nimehamia humo peke yangu na mikeka yako mitano. Nyumba hii ni kubwa sana.

Mwanao,
Were