Wingu Kwenye Pafu la Baba

Jumatatu, 4 Machi 2019
Nimempeleka Baba hospitali, mjini Chake Chake. Kikohozi hakimwachi na mashati yamekuwa makubwa mwilini. Wamempiga eksirei ya kifua. Tumepewa picha kubwa ndani ya bahasha, na sidii yenye picha hiyo hiyo. Daktari wa kuzisoma hayupo, turudi wiki ijayo. Wiki nzima! Baba kasema wiki si kitu. Mie sikuweza.

Tulipofika nyumbani Pujini nikaiegemeza ile picha dirishani, mwanga upite. Nikaipiga kwa simu, na wavu wa mbu ukiwa nyuma yake. Nikampelekea kaka Khatib, Dar es Salaam. Ana rafiki daktari. Mtandao ukagoma. Nikaipunguza ile picha, nikaipunguza tena, ikaenda.

Jumanne, 5 Machi
Khatib kapiga. Sauti si yake. Rafiki yake kaona kitu pafu la kulia, kama wingu. Ikiwa kweli kipo, hali si nzuri. Nikamuuliza, saratani? Kasema tumwombe Mungu.

Akasema na jengine — kwamba daktari anataka picha yenyewe, si hii ya simu. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Nilishaanza kulia. Nilichokisikia ni lile wingu tu.

Mama kaniona macho. Nikamwambia. Akenda kumwambia Baba mwenyewe. Hawafichani wale, nikawaza.

Alhamisi, 7 Machi
Nyumba imejaa watu. Baba anawataka radhi majirani, mmoja mmoja. Kaeleza na pa kumzika. Tangu asikie, hali chakula. Na kikohozi kimezidi, au masikio yangu ndiyo yamezidi.

Mama mdogo Masika kaja kutoka Kengeja na mkoba wa nguo, kukaa nasi mpaka Mungu atakapohukumu. Ni ndugu wawili tu, yeye na Mama. Wamelala kitanda kimoja kama walivyokuwa wasichana. Nimewasikia wanacheka chini chini, kisha wanalia. Nimeshukuru kwamba Mama ana mtu.

Jumamosi, 9 Machi
Sielewi. Asubuhi Baba kamwita Mama, mlango ukafungwa. Alipotoka kauosha mchele uliokwisha kuoshwa. Mama mdogo kamuuliza kuna nini, Mama kaongeza maji kwenye mchele. Adhuhuri Mama akamwambia arudi kwake, wanawe wanamngojea. Wanawe! Wote wana nyumba zao.

Mama mdogo kaufunga mkoba wake. Kanitazama mie, labda ninajua. Sijui.

Jumapili, 10 Machi
Sasa najua.

Mama yuko juu ya mbuzi, anakuna nazi. Kasema bila ya kuinua kichwa. Baba kamtaka radhi. Siku ile alipopeleka posa kwa Babu, aliyemtaka ni Masika. Babu kasema mkubwa harukwi. Baba akaona haya kurudi nyuma, akamwoa Mama. Alidhani moyo utazoea. Haukuzoea, ndivyo alivyomwambia. Masika hajui kitu mpaka leo. Hakutaka kufa na jambo hilo, basi kalitua.

"Nimemwambia nimekusamehe," Mama akasema. "Ungemwambia nini, Bimkubwa mwanangu, mtu anayekufa?"

Akaniomba nimpe kung'uto la kuchujia tui. Nikampa. Ndiyo msaada wote niliokuwa nao.

Jumanne, 12 Machi


Leo nimeikumbuka ile sidii. Nikaipeleka skuli ya kijijini, kwa Mwalimu Mmanga anayefundisha kompyuta, akaifungua kwenye yake. Nikamwonyesha na niliyopeleka Dar. Kaziweka mbili ubavu kwa ubavu. Yangu ni tope, vijisanduku vijisanduku. Ya sidii unahesabu mbavu, na kati ya mbavu unaona nyuzi nyembamba zinavyokwenda. Na pale penye wingu hapana wingu.

Akanieleza. Simu huibana picha ili iwe nyepesi kupelekwa. Vidoa vinavyokaribiana rangi huvifanya kimoja. Sura ya mtu ikibanwa hivyo bado utamjua. Pafu si sura. Nyuzi za wavu wangu wa mbu zimechanganywa na pafu la Baba, zikawa doa. Kisha Khatib alipoipeleka mbele kwa rafiki yake, ikabanwa tena. Mwalimu kasema yeye si daktari, asije akanitia tamaa. Tukampelekea Khatib faili zima. Limechukua vipindi viwili kwenda.

Sijamwambia mtu nyumbani. Safari hii nitangoja.

Jumatano, 13 Machi
Hakuna kitu. Hakuna! Rafiki yake Khatib kasema pafu ni safi, ila alama ndogo ya maradhi ya zamani yaliyopona. Nikenda hospitali. Daktari amerudi, kasema hayo hayo. Kanipa dawa ya kikohozi cha Baba, na arudi kisipopona ndani ya mwezi.

Nilipomwambia Baba, kasujudu pale pale sebuleni. Majirani wameleta halua. Mama naye kasema alhamdulillah, na najua kaisema kwa moyo. Kisha kanifuata uani.

"Yale yalikuwa maneno ya kaburini," kasema. "Mtu karudi nayo nyumbani."

Nikamwambia kosa ni langu, lau ningengoja ile wiki. Kakunja kanga zilizokuwa kwenye kamba, nyengine hazijakauka.

Ijumaa, 15 Machi
Baba kala pweza jana, kamaliza. Leo kenda msikitini kwa miguu. Anaongea sana. Juzi usoni mwake nilikuwa naona mauti, leo naona mtu ambaye mzigo umemtoka. Hajauliza nani kaubeba.

Mama anamwandalia chakula kama kawaida. Hakai naye kula. Kitanda chake kakihamishia chumbani kwangu, eti kikohozi cha Baba kinamwamsha. Baba hakohoi tena.

Khatib kaandika: tumshukuru Mungu, yamekwisha. Nikaiweka simu chini ya mto.

Sasa hivi, naandika hapa, Mama mdogo Masika yuko nje mlangoni. Kapata habari njema, kaja kutoka Kengeja na sufuria kichwani, nimemwona kupitia dirisha. Kapiga hodi. Sauti yake imejaa furaha. Anamwita Mama kwa jina la utotoni.

Nikainuka. Mama kanishika mkono. "Ngoja kwanza."

Baba alikuwa amelala na shuka yake. Kaisikia ile sauti. Kaamka, anatafuta shati, lile jeupe la Ijumaa. Anafunga vifungo kimoja kimoja, mpaka cha shingoni. Mama amesimama, anamtazama anavyofunga.

Hodi ya pili. Hakuna aliyesema karibu.