Mashine Uliyoichagua, Baba Wilondja

Baba Wilondja wangu,

Ni mimi, mke wako. Nakuandikia kutoka Baraka, mlango wa atelye, karakana yetu, nimeufunga kwa ndani, na kila gari likipita barabarani kalamu inasimama.

Unakumbuka siku ile mfanyabiashara wa Lubumbashi alipotandaza karatasi zake mezani kwetu? Mashine yetu ya zamani ya kuchonga chuma ilikuwa imekufa, na wavuvi wa Lweba walikuwa wakingoja shafti za mota zao. Alikuonyesha mbili. Moja ya mkono, unazungusha magurudumu mwenyewe. Nyingine ya ordinatere, yaani kompyuta, inayosoma utepe wa karatasi wenye matundu na kukata chuma yenyewe, hata anayeisimamia akiwa mgeni wa kazi. Ulizisoma karatasi zile siku tatu, hata ugali ulikula ukiwa umezishika.

Mimi niliitaka ile ya ordinatere. Ulicheka, ukaniuliza tangu lini napenda mambo ya kisasa. Nikasema itakupumzisha mgongo. Nilikudanganya. Wiki ile wanajeshi walikuwa wamekuja mara mbili kuuliza kama unaweza kutengeneza kipande cha bunduki. Niliwaza kwamba akili ya kazi ikiwa ndani ya mashine, watachukua mashine na kuniachia mume. Lakini sikuthubutu kulisema, hata chumbani. Siku zile neno lilitoka nyumbani kabla ya mwenye nyumba.

Ulinijibu kwa upole. Gurupu letu, jenereta ya umeme, lilizimika kila mara. Ordinatere ingevumilia vipi?

"Ile ikiharibika, ni nani atakuya kuitengeneza huku Fizi?" ulisema. "Hii ya mukono mi naijua. Ikikufa, naifungua, naifufua."

Ulikuwa na haki. Tukaagiza ile ya mkono.

Ilifika kwa boti kutoka Kalemie, wanaume kumi wakaisukuma juu ya magogo hadi mlangoni. Ulinifundisha kuitumia, mkono wako juu ya wangu kwenye gurudumu, ukaniambia nisikilize sauti ya chuma kabla ya kukitazama. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Kisha kamanda wa wanajeshi wale akaja asubuhi moja, watu wakiwa kazini. Akaigusa mashine, akauliza nani anaijua. Mafundi wako wawili waliinamisha vichwa. Nawe ungeweza kuinamisha chako.

"Ni mi," ulisema.

Walikupandisha gari lao, wakasema ni kazi ya siku mbili. Sasa ni mwaka wa nne. Kila nikienda kambini wananiambia hawalijui jina lako.

Tangu hapo nachonga mimi. Jana luteni mpya aliingia na kitu kilichofungwa ndani ya gunia, akauliza fundi yuko wapi. Nikamjibu kwamba alisafiri. Akaweka kiganja juu ya chuma nilichotoka kukikata, kingali cha moto, halafu akatazama mafuta kwenye vidole vyangu.

"Basi mama, iko nani anaitumikisha?"

Nikaificha mikono ndani ya kitenge. Akasema atarudi kesho kutwa, na siku hiyo nimpe jina.

Sitamngoja. Leo mimi na watoto tunatoka pamoja na bamama wanaokwenda sokoni, tukiwa na vikapu kama wao. Tunakokwenda sikuandiki hapa. Barua hii naiacha kwa mke wa mchungaji, yeye atakuambia kwa mdomo.

Najiuliza kama ningesema hofu yangu wazi ungeichagua ile nyingine. Labda wangekuchukua vilevile. Sijui, na kutojua huko ndiko kunakonikosesha usingizi kuliko hata wanajeshi.

Watoto nimewafundisha kusema baba yao ni mkulima. Popote ulipo, mume wangu, wakikuuliza kazi yako, nawe sema hivyo. Sema unalima mihogo.

Ni mimi ninayekupenda na kukuogopea,
Mama Wilondja