Mtu wa Kuketi Ndani ya Pikapu

Kariobangi, Nairobi
Jumatano, baada ya Alasiri

Mamangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo yangu ikufikie kabla ya jambo lolote. Natumai karatasi hii itakukuta umeketi barazani, miguu haijavimba, na dawa unakunywa, huzifichi chini ya mto kama ulivyotufanyia mwaka jana. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala, na baridi ya huku nimeizoea. Moyo ndio si mzima, na huo ndio ulionishikisha kalamu.

Najua utasema, huyu ana simu mfukoni, karatasi ya nini? Mama, kwenye simu mimi ni mwongo. Ukiniuliza jambo, ulimi unakimbilia jibu la kukupendeza kabla akili haijafika. Hapa nikiandika uongo nauona, naukata. Mpe mdogo wangu Fatuma akusomee, lakini chumbani, na mlango umefungwa. Wala asiruke mahali. Namjua, anapenda kuruka.

Huyu aliyekuletea, Mzee Athmani wetu wa Pumwani, umeona gari alilokuja nalo? Ndiyo ile ile pikapu yake ya kijani, ile ambayo marehemu Baba alikuwa akimtania kuwa inakohoa kuliko mwenyewe. Haikohoi tena, na mbele yake imejengwa upya na mikono yangu mimi mwanao. Mengine yote ya barua hii yanatoka hapo.

Pikapu ilikuwa imekwisha mbele. Ilitengenezwa kwa mtindo wa kale: chuma kimoja kizito kutoka gurudumu hadi gurudumu, kimelalia springi za bapa, hivi kwamba ukitumbukia shimo upande huu, upande wa pili nao unaruka. Pini zake zimelika, na vipuri havipatikani hata kwa wale wazee wa vyuma chakavu wenye kila kitu. Usukani ulikuwa mzito mpaka Mzee Athmani bega likamfa, akawa kilemba chake anafungiwa na mkewe. Watu walimwambia auze kwa kilo. Akawajibu kuwa gari lililowabeba wazazi wake kwenda kuzikwa halipimwi kwenye mizani. Akatuletea yadini ninapofanyia kazi.

Fundi wetu mkuu ni Baba Shiro, mtu wa Murang'a, mfupi, maneno machache, mkali kama pilipili mbuzi. Yeye alikwenda kutafuta gari dogo la ajali, lililogongwa nyuma. Nyuma lilikuwa kama mkebe uliokanyagwa, mbele halina hata mkwaruzo. Mpango ulikuwa tukate mbele yote ya hilo gari dogo, ile boriti inayobeba injini pamoja na mikono ya magurudumu, springi za mviringo, shokabzoba na usukani wake mwepesi, tuipandikize chini ya pikapu. Na Baba Shiro akanipa kazi hiyo mimi, peke yangu, kwa mara ya kwanza. Mama, kuchomelea mlango ni mchezo. Mlango ukibanduka barabarani, unaokota. Mguu wa mbele ukibanduka, unaokotwa wewe.

Niliifanya kwa hofu ya Mungu. Nilivuta nyuzi kutoka magurudumu ya nyuma, nikapiga mistari ya chaki chini, nikapima mishazari mpaka wenzangu wakaniita fundi wa nguo. Nikaongeza mabamba ya chuma kwenye chesisi mahali boriti inapokalia. Pale mwanzo Baba Shiro alipiga nyundo mshono mmoja, akasikiliza, akasema huo ni wa mate, haukushika. Nikausaga wote kwa grinda, nikaanza upya. Mwishowe gari likashuka chini, likasimama sawa, likapendeza, na mimi nikajiona mtu.

Sasa sikia desturi ya yadi yetu. Zamani gari moja lilitoka hapo, mguu ukakatika, watu wakaumia, na aliyechomelea alikuwa nyumbani kwake anakunywa chai. Tangu hapo Baba Shiro aliweka sheria yake. Anayechomelea mbele ya gari ndiye anayeliendesha mara ya kwanza, na pembeni yake aketi mtu wake mwenyewe, yule ambaye akiumia huyu fundi atalia. Si mwenzake wa kazi, si mpita njia. Yeye mwenyewe amempandisha mkewe na huyo mtoto wao Shiro akiwa mchanga. Anasema mkono ukijua nani atakalia kazi yake, haulali.

Hapa Mama inanibidi nisimame, ninywe maji, nikuambie.

Nina mtu. Anaitwa Nyambura. Ana cherehani yake kwenye kibaraza kimoja Umoja, anashona sare za shule, na ulimi wake ni mkali kama mkasi wake. Nimemjua muda mrefu. Kila adhuhuri huja yadini na hotipoti ya chakula changu, wenzangu wanadokoadokoa, yeye anawakemea, tunacheka. Nimefika hadi kwa wazazi wake, watu wa kanisa, watu wapole, na Baba Shiro ndiye aliyenisindikiza. Walitupokea vizuri. Wakaniuliza, watu wako wako wapi? Nikasema mamangu anaumwa goti, akipona atakuja. Nikakufanya mgonjwa, Mama, na wewe u mzima wa kuruka kamba. Walipouliza tena baadaye, goti lilikuwa halijapona.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu ulipata kusema, tena mbele ya shangazi, kwamba bara hakuna mke, kuna mshahara tu. Kwa sababu kila nikikupigia unanitajia binti wa shangazi, kuwa sasa anapika vizuri, kuwa sasa amenenepa. Na kila ukiniuliza kama nina mtu huku, nakujibu sina. Nimelisema neno hilo mpaka likawa halinikwaruzi tena kooni. Wala sikulaumu wewe. Wewe uliuliza, mimi ndiye niliyejibu.

Basi siku ya kulijaribu gari, Mzee Athmani alikuja mapema na kanzu imepigwa pasi. Nyambura alikuwepo, amekalia tairi, anangoja nile arudi na vyombo vyake. Baba Shiro akajifuta mikono, akasema, "Haya Twalib, pandisha mtu yako." Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, kila mtu alikuwa ameshageuka kumtazama Nyambura, na yeye ameshaanza kunyanyuka, anapangusa sketi.

Mzee Athmani naye akageuka. Akamtazama, akanitazama, akaniuliza kwa furaha kabisa, "Ala! Kumbe una mtu, mwanangu?"

Mama, niliona simu. Wallahi, niliona simu yake mfukoni mwa kanzu, nikaona jinsi atakavyokupigia Ijumaa baada ya swala kama kawaida yenu, na wewe utakavyonyamaza upande wa pili. Nikasema, "La, Mzee. Huyu hutuuzia chakula tu."

Hata yule anayegonga gonga bati kule nyuma akaacha. Nyambura hakulia. Nilitamani alie. Alifunika hotipoti yake taratibu, akamwambia Mzee Athmani, "Ni kweli, mzee. Na leo bado hawajanilipa."

Kisha akamgeukia Baba Shiro, akasema kama gari inataka mtu, yeye atakaa, si lazima awe wa mtu. Akafungua mlango mwenyewe, akapanda, akaweka hotipoti mapajani. Baba Shiro akanitupia ufunguo. Heri angenipiga.

Tukatoka, tukashika barabara kubwa kuelekea Donholm. Magari mengine nikiyajaribu huwa nayakimbiza, nayapiga breki za ghafla, nayapitisha juu ya matuta makusudi niyasikilize. Siku hiyo nilitambaa, mpaka mwenye mkokoteni akatupita na kutucheka. Kila tuta nilikuwa nasikia vile vyuma chini ya miguu yake, si chini ya miguu yangu. Kila mshono niliochoma niliukumbuka na nikaushuku, hata ule niliokuwa nimeuringia. Jasho lilinitoka mpaka usukani ukateleza. Yeye anatazama mbele tu.

Tulipokata kona kuingia Jogoo Road akaniuliza mbona naenda hivi, kazi yangu ni mbaya? Nikamwambia si mbaya. Akauliza, sasa naogopa nini?

Nikamwambia naogopa kwa sababu yeye yumo ndani.

Halafu akasema, "Hiyo ndiyo ungemwambia yule mzee."

Akaniambia niongeze mwendo, niachilie usukani kama tunavyofanya siku zote, anajua, ametuona. Nikaongeza. Nikaachilia. Pikapu ikaenda wima kama imepigiwa rula. Nikakanyaga breki, ikasimama bila kuyumba. Akatikisa kichwa kukubali, kama fundi mkaguzi. "Iko sawa," akasema. "Haivuti upande yoyote. Sasa nishukishe hapo mbele."

Ilikuwa Makadara, karibu na mahakama, kwenye nyumba ya shangazi yake. Alishuka na hotipoti, chakula changu kingali ndani, moto. Kabla hajafunga mlango aliinama akaniambia, "Twalib, ukikuja tena, ukuje na mamako. Ama usikuje."

Tangu siku hiyo simu yangu haipokei. Pale Umoja cherehani imefunikwa kitambaa, na mwenye duka la jirani anasema hajui, na macho yake yanasema anajua. Nimekwenda Makadara, shangazi yake akanikaribisha chai mlangoni. Mlangoni, Mama, nimesimama, kikombe mkononi, kama tarishi. Usiku nageuka kitandani nasikia ile sauti yangu ikisema hutuuzia chakula tu, nauma shuka.

Mzee Athmani si mtoto. Niliporudisha gari na kiti cha pembeni kitupu, alipita mbele yake, akaligusa, akanishukuru, akaniombea dua. Kisha akanivuta kando. "Mimi nimekula chakula cha kununua umri mzima," akaniambia. "Hakuna muuzaji aliyewahi kunitazama vile alivyokutazama yule." Nikamwomba akueleze wewe, yeye mtu mzima, ana maneno. Akakataa. Akasema aliyekana ni mimi, na wa kukiri ni mimi, yeye atabeba karatasi tu.

Basi Mama, nakiri. Nina mtu, na nimemkana mbele ya watu kwa kukuogopa wewe, na wewe hukuwepo wala hukuniambia nimkane. Kama nitampoteza, nimempoteza mimi. Najua utauliza kuhusu dini. Jambo hilo tumelizungumza mimi na yeye, na imamu wa hapa, na lina njia yake. Nitakueleza kwa mdomo ukiwa mbele yangu, si kwa karatasi.

Maana ninachokuomba ni uje. Mzee Athmani anarudi huku Jumapili, na mkewe yuko Pumwani anakungoja, chumba kipo. Panda naye. Ukichoka, mwambie asimame Mtito Andei unyooshe miguu. Chini ya miguu yako, njia nzima, ni kazi ya mikono yangu, na sitakula wala sitalala mpaka niione hiyo pikapu inaingia Pumwani na wewe ndani. Halafu tutakwenda Makadara, wewe na mimi, nawe utabisha hodi. Wala usiseme lolote la kunitetea. Simama tu pale mlangoni wakuone una magoti mazima.

Ukiona huwezi, ukiona neno lako la bara ni lile lile, usinipigie simu. Mwache Mzee Athmani aje peke yake, nitaelewa nikikiona kiti. Sitakukasirikia. Nitabaki mwanao.

Nisalimie mdogo wangu Fatuma, aliyekusomea mpaka hapa bila kuruka, nadhani. Nisalimie mjomba wetu mshona kofia, na umpe pole ya macho yake. Shangazi mpe salamu za heshima, na kwa upole umwambie binti yake asiningoje, yeye ni mtoto mwema na hakunikosea kitu. Mwalimu wangu wa madrasa mwambie bado nasoma yasini kila Alhamisi. Jirani yetu muuza mbaazi mwambie mbaazi za huku ni mawe.

Na kuna salamu nyingine, Mama, za siku nyingi. Kila Ijumaa jioni nilipokuwa nakupigia, Nyambura alikuwa ameketi kwenye cherehani yake, mimi kando. Aliponisikia nikisema shikamoo Mama, alikuwa anasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja ili nisikie vizuri, kisha ananiashiria kwa mkono, anajionyesha kifuani, anaonyesha simu, yaani mwambie na mimi nimemwamkia. Kila wiki. Nami nilikuwa natikisa kichwa kuwa nitasema, kisha nakata simu. Hukupata hata moja. Zipokee leo zote.

Ni mimi mwanao asiyekuficha kitu tena,
Twalib